Kuku wa Hamida wa Pevingi

Jumamosi, 5 Oktoba

Leo nimekwenda kuiona bucha ya Hamida. Nilijiapiza sitakanyaga pale, lakini macho hayana haya, yamenipeleka.

Pevingi imependeza, siwezi kudanganya ndani ya daftari langu mwenyewe. Pale tulipokuwa tunapika kwenye matope na magamba ya samaki, wametandaza matofali mekundu mpaka ukingoni mwa maji, wameweka taa za nguzo na mabenchi ya saruji. Kibao kina jina refu la mradi, hakuna anayelisoma. Kilwa Masoko nzima inapaita Pevingi. Na mahali penyewe, pale mafiga yangu yalipokaa miaka kumi na moja, sasa kuna mlango wa kioo: BUCHA NA MGAHAWA WA HAMIDA. Ndani ni vigae vyeupe mpaka juu, mizani inayowaka namba, mapaja ya mbuzi yananing'inia na muhuri wa bwana mifugo. Unachagua nyama yako dirishani, unakaa, unachomewa. Nyuma kuna banda la kuku wa kienyeji. Unamnyooshea kidole unayemtaka, baada ya muda unamkuta kwenye sahani.

Nimeagiza supu. Maji ya moto, mbuzi kaonyeshwa tu akaondolewa.

Hamida akanijia mikono wazi. "Jamani, dada Eme! Karibu nyumbani."

Nyumbani! Nilitaka kummwagia lile bakuli.

Niandike, maana nisipoandika kifua kitapasuka. Mwezi wa tatu walipotuambia ufukwe unajengwa upya, sisi mama lishe tulimchagua Hamida awe katibu wa kupeleka majina. Yeye alikuwa anauza vitumbua ubavuni mwangu, tumegawana kivuli na maji miaka yote. Wiki hiyohiyo nikapigiwa simu kutoka kwetu Kipatimu, mama amefariki. Hamida akanisindikiza stendi, akanishika mikono miwili. "Nenda ukazike, dada. Jina lako ninalo mimi." Nimerudi baada ya arobaini, orodha imetoka, sipo. Nafasi zilipunguzwa, mwisho ikabaki moja kati yangu na yeye, akaandika lake. Wala hajakana! Alinitazama usoni akasema, "Dada, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mimi ningefanyaje. Mimi nilikuwa na udongo wa kaburi la mama kwenye kucha.

Atanikoma. Naandika kwa wino, Hamida atanikoma.

Jumapili, 6 Oktoba

Misa ya kwanza. Padri kahubiri kusamehe. Nimetazama feni.

Jumatano, 9 Oktoba

Napikia barazani kwangu siku hizi. Wateja watatu, wanne, basi. Bi Adija wa nyumba ya pili amekuja kama kawaida, nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba, akakaa kwenye mkeka.

Huyu bibi ndiye aliyenifanya nikawa mtu hapa Masoko. Nilipofika miaka ishirini na miwili iliyopita, binti Mkristo wa kutoka milimani, nani angethubutu kula kwangu? Nikawa kila asubuhi nampelekea marehemu mumewe kuku na kisu anichinjie. Siku moja Bi Adija akaja akakaa mbele ya watu, akala sahani nzima, akanawa, akasema kwa sauti, "Huyu mtoto ana amana." Toka siku ile hata mashehe wanakula kwangu bila kuuliza kachinja nani. Wapo Waislamu wapishi hapa Masoko wasioaminiwa nusu ya hivyo. Ndicho kitu ninachojivunia, kuliko hata ladha.

Nimemwambia yote ya Hamida. "Mwachie Mungu," kasema.

Nikamwitikia ndiyo bibi. Moyoni, thubutu!

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Hamida kaja mwenyewe, kavua viatu mlangoni. Wateja wanalalamika, supu haina ladha, kuku mkavu. Anaomba nikampikie. "Kwa heshima yako, dada. Jikoni utaamuru wewe."

Kaka yangu Sipriani alikuwepo, akacheka kwa dharau. Nikasema nimekubali, kesho naanza. Hamida alipoondoka Sipriani akanijia juu. "Huna haya, Emerensiana? Ukampikie mtu aliyekuzunguka, palepale alipokuzungukia?"

"Sina haya," nikamwambia. "Ila siwezi kumtilia mchanga kitumbua chake nikiwa nimesimama huku."

Jumamosi, 19 Oktoba

Supu imekuwa supu. Joto halisemeki. Mawingu yamekaa baharini tangu asubuhi, hayasogei.

Ijumaa, 25 Oktoba

Natafuta kosa, sioni. Nyama yake safi, friji linafanya kazi, wafanyakazi anawalipa kwa wakati. Mchinjaji wake ni Mzee Abdulrahmani, mtu wa sala tano, kila alfajiri anachinja kuku arobaini kule uani, mmoja mmoja, kaelekea kibla, hana papara. Hata mimi naona raha kumtazama. Roho inanichoma. Mtu aliyeniibia mbona hana uchafu mwingine?

Jumanne, 29 Oktoba

Kaongeza meza nne. Watu wanapanga foleni, wanasema Hamida kaipata sasa. Hamida! Chumvi yangu, tangawizi yangu, mkono wangu, sifa kwake. Nimerudi nyumbani nimeshindwa kula.

Jumatatu, 4 Novemba

Mzee Abdulrahmani kaaga leo. Korosho zake kule Rondo zimeanza kuanguka na wanawe wako Dar. Zisipookotwa kabla mvua haijazikuta chini zinaharibika, na mnada hausubiri mtu. Atarudi mwezi wa kumi na mbili. Si yeye tu, Masoko imebaki ya wanawake na watu wa ofisini. Wanaume wote wenye mikorosho wako mashambani.

Hamida kamsindikiza huku kakunja uso. Najua anachowaza. Kwetu milimani na huku pwani ni mamoja, mwanamke hachinji. Kuku wa mgeni akitakiwa na mume hayupo, unatoka barabarani, kuku mkono huu na kisu mkono huu, unasimamisha Muislamu yeyote mwanamume apitaye. "Baba, nisaidie." Anachinja, anakwenda zake. Kuku mmoja sawa. Je, arobaini? Kila siku? Nani mwenye kuacha safari yake akuchinjie arobaini?

Nimelala vizuri, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Jumatano, 6 Novemba

Nimempata. Nimempata, nimempata!

Jana asubuhi Hamida alimsimamisha dereva wa bodaboda, yule akachinja kumi akadai abiria anamsubiri. Leo nimefika mapema kuliko kawaida. Mlango wa uani ulikuwa umerudishwa tu. Nikachungulia penye bawaba.

Hamida. Kajifunga kanga kiunoni, mtandio kichwani, kaelekea kibla, kuku chini ya mguu, kisu mkononi. Midomo ikamchezacheza, akakata. Akamweka pembeni, akachukua mwingine. Wala mkono haukutetemeka, inaonekana hakuwa wa kwanza.

Nikarudi nyuma mpaka kwenye matofali, nikakohoa kwa nguvu, nikapiga hodi kama mtu anayefika. Akanifungulia na ndoo ya maji. "Umewahi, dada."

"Nani kachinja leo?" nimemuuliza, uso mkavu.

Akaiinamia ndoo. "Nimepata mtu."

Vibudu. Anawalisha Waislamu wa Kilwa vibudu, na amenidanganya mchana kweupe. Atakiona cha mtema kuni.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo tena. Nimenyonyoa, nimepika, nimepakua. Sijasema kitu.

Jumamosi, 9 Novemba

Sipriani anauliza mbona naimba.

Jumatatu, 11 Novemba

Nilikuwa nimeamua kusema Ijumaa, msikitini wakitoka. Ikaja nyingine bora zaidi.

Bi Adija anaoza mjukuu wake wa kiume tarehe 23. Walima wa wanawake utafanyika Pevingi, wametenga upande mzima, na chakula ni cha Hamida. Pilau na kuku themanini. Watakuwepo akina mama wa Masoko nzima, wake wa mashehe, wageni kutoka Lindi. Nikisema Ijumaa watu wataapa hawakuwahi kula pale. Nikisema siku ya harusi, sahani ziko mikononi, mafuta vidoleni, nani ataapa? Mbele ya wote hao, Hamida hatapata pa kuficha uso.

Kuna jambo moja tu. Bi Adija naye atakula.

Nimelifikiria hilo jioni nzima. Naweza kumnong'oneza kabla. Lakini nikimnong'oneza hatakaa kimya, atamwita Hamida pembeni, atamwonya kwa upole, wataleta mchinjaji, na yote yataisha kwa kushikana mikono. Kisha Hamida ataendelea kukalia mahali pangu. Hapana. Kuku wa Hamida amekuwa akimla pale Pevingi siku zote hizi, siku moja zaidi haiongezi kitu.

Ijumaa, 15 Novemba

Ngurumo mbali, upande wa Nangurukuru. Mvua haijafika huku. Nimepakua sahani mia na kumi.

Jumapili, 17 Novemba

Sikwenda misa. Nilimwambia Sipriani naumwa mguu.

Jumatano, 20 Novemba

Hamida kanivuruga leo.

Wafanyakazi walikuwa wameondoka kula. Akaja jikoni akakaa juu ya ndoo. Amekonda, macho mekundu. Kidole gumba kimefungwa kitambaa, na najua kimekatwa na nini. Akasema, "Dada Eme, nilikukosea. Siku ile walisema imebaki moja, nikaona watoto wangu, nikaandika. Kila ninapofungua ule mlango nakuona wewe."

Nikaendelea kukata vitunguu.

"Harusi hii ikipita nataka twende ofisini mimi na wewe, tuandike majina mawili kwenye leseni. Bucha yangu, mgahawa wako. Hata fomu nimeshachukua."

Machozi yalinitoka, nikasingizia vitunguu. Kwa dakika nzima nilikuwa na dada yangu wa zamani, yule wa kugawana kivuli. Nikaja nikakumbuka stendi. Alinishika mikono namna hiihii, sauti hiihii, jina lako ninalo mimi. Maneno yake nimeshayapokea mara moja, nikarudi nikakuta jina lake.

"Tutaona harusi ikipita," nimemjibu.

Jumamosi, 23 Novemba

Mikono bado inanuka pilau. Naandika vilevile.

Kuku themanini. Hamida alianza kabla ya adhana na saa mbili alikuwa bado uani. Mimi nilikaa jikoni nikisikia mabawa. Nilipika leo vizuri kuliko nilivyowahi kupika maishani, Mungu anisamehe. Sikutaka mtu abakize.

Adhuhuri ilipopita akina mama wakajaa, kanga mpya, udi, vigelegele mpaka upande wa gati. Hamida anazunguka na birika la kunawia, kavaa dera la dhahabu, kila mtu anamsifu. Nilipakua mwenyewe. Sahani ya Bi Adija niliibeba kwa mikono yangu miwili. Nikamchagulia paja, lile nene, na firigisi juu yake kwa kuwa anaipenda. Akasema, "Mungu akuzidishie, mwanangu." Akasema bismillahi, akala. Nikasimama pale mpaka nikaona ameanza kunyonya mfupa.

Hapo ndipo nikapanda juu ya benchi.

"Akina mama, samahani! Mmeshiba?"

Wakaitikia kwa vigelegele, walidhani nataka kumwimbia bwana harusi.

"Basi muulizeni Hamida nani kachinja kuku mliowala. Mzee Abdulrahmani yuko Rondo wiki ya tatu sasa. Muulizeni!"

Vigelegele vikakatika. Mke wa sheikh akageuka. "Hamida? Kachinja nani?"

Hamida alikuwa na birika mkononi. Akaliweka chini taratibu. Hakunitazama hata kidogo.

"Nimechinja mimi," akasema. "Kwa bismillahi, nimeelekea kibla. Nilimuuliza Sheikh kabla sijashika kisu, akanijibu..."

Akanijibu nini hawakusikia. Makelele! Mmoja alikimbilia ukingoni akajitia kidole kooni. Wageni wa Lindi wakasukuma sahani mpaka chini, pilau yangu ikatapakaa kwenye matofali. "Mwanamke! Kashika kisu mwanamke!" "Umetulisha vibudu siku ya harusi!" Mama yake bwana harusi alimrarua Hamida mtandio. Na Sheikh mwenyewe hayupo, kaenda Dar kwa matibabu, hakuna wa kuulizwa. Hamida akasimama kichwa wazi katikati ya watu, anasema nilimuuliza, wallahi nilimuuliza, na hakuna anayemsikiliza.

Nilishuka benchini moyo unanidunda kwa furaha. Nasema kweli, furaha. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, sikutaka bodaboda, nilitaka iwe ndefu.

Sikumtazama Bi Adija wakati ninaondoka.

Jumapili, 24 Novemba

Mlango wa kioo umefungwa. Nimepita mara tatu.

Jumanne, 26 Novemba

Bado umefungwa. Mtu kaandika KIBUDU kwa mkaa. Sokoni wanawake wananisimamisha, "Eme, umetuokoa." Nimepewa nazi mbili za bure. Sipriani anasema nafasi ikitangazwa upya ni yangu, nani mwingine? Nimekwenda kuulizia masufuria makubwa.

Nimerudi kupikia barazani, na Bi Adija hajaja kula tangu Jumamosi. Watakuwa na wageni bado.

Ijumaa, 29 Novemba

Sheikh Abdulrazak karudi jana. Leo baada ya sala akaja Pevingi mwenyewe, watu wakamfuata, wanaume wa korosho waliokuja kuswali mjini na wanawake wa harusi. Nami nikaenda. Nilitaka kuona Hamida akimalizwa. Nilikaa mbele kabisa.

Alikaa benchi, Hamida kasimama pembeni na shela nyeusi. Sheikh ana sauti ndogo, ikabidi watu wanyamaze.

"Huyu binti alinijia tarehe tano kabla sijasafiri. Akaniuliza, nikamjibu, na nawajibu ninyi. Mwanamke Muislamu mwenye akili timamu, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akakata panapotakiwa, kichinjo chake ni halali. Hili la kusubiri mwanamume barabarani ni mazoea yetu. Nimekosea mimi kutowafundisha mapema. Mlichokula kilikuwa halali, mpaka punje ya mwisho."

Minong'ono. Mama wa bwana harusi akajifunika uso na kanga. Nilijiambia haidhuru, alificha, alinidanganya, bado ana la kujibu.

Hapo Bi Adija akasimama. Alishikiliwa mkono maana magoti yanamsumbua. Hakwenda kwa Hamida, alinigeukia mimi.

"Emerensiana, mwanangu. Ulimwona lini akichinja?"

"Tarehe sita, bibi."

"Na harusi ilikuwa tarehe ngapi?"

"Ishirini na tatu."

Hesabu hiyo kila mtu pale aliifanya mwenyewe. Nilisikia wakiifanya.

"Wewe hukujua hukumu aliyoisema Sheikh."

"Sikujua, bibi. Nilijua kama tunavyojua wote."

"Kwa hiyo uliamini ni haramu."

Nikaivuta kanga yangu begani.

"Uliamini ni haramu," akasema tena, taratibu, wala hakuwa na hasira, heri angenitukana, "ukaniletea paja kwa mikono miwili. Ukasimama ukanitazama nikila."

Nilitaka kusema ni Hamida, ni orodha, ni mama yangu, ni stendi. Nikamtazama Sheikh. Sheikh akatazama chini. Mwanamke mmoja nyuma yangu, yule aliyenipa nazi, akasema polepole, "Siku kumi na saba katupakulia."

Hamida alikuwa analia. Kisasi changu kilikuwa kinalia mbele ya macho yangu na sikupata raha hata ya kijiko.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua imeanza. Mlango wa kioo umefunguliwa jana, foleni mpaka kwenye taa ya tatu. Wanasema Hamida anachinja mbele ya watu sasa, na kuna akina mama wanaoleta kuku wao awachinjie. Hakunifukuza. Hakuniita pia.

Jumatano, 4 Desemba

Nimepika supu barazani. Dereva wa lori mgeni kanywa bakuli moja. Wengine wanapita, wananisalimia vizuri, wanaulizia hali ya Sipriani, wanaendelea na safari. Kijana mmoja alitaka kukaa, mwenzake akamvuta shati.

Nimewaza Nangurukuru. Abiria wa mabasi hawamjui mtu. Nitapika pale, nitauza, watakula wakiwa na haraka. Ila miaka ishirini na miwili, nianze tena kuwa mgeni?

Bado namchukia Hamida, sitadanganya. Alininyang'anya mahali. Lakini huyu mtu anayeogopwa kwenye baraza yangu si Hamida aliyemleta.

Jumapili, 8 Desemba

Nimekwenda misa. Nimerudi nimepika pilau ya nazi, nyama nimenunua kwa Hamida, nikangoja kwenye foleni kama wengine. Aliniwekea mfupa wenye uboho bila kusema neno.

Pilau nimemtuma binti wa jirani ampelekee Bi Adija, kwenye ile sahani ya maua, nimeifunika na kawa. Katika maisha yetu yote ya ujirani sahani haijawahi kurudi tupu kati ya nyumba zetu. Akipokea vitumbua vyangu, inarudi na ndizi, ikikosekana ndizi inarudi na limau, au hata chumvi kidogo kwenye karatasi. Nilikaa mlangoni nasubiri, mvua inanyesha.

Binti karudi upesi. Bi Adija kamwambia nishukuriwe sana, Mungu anibariki, yeye ameshakula.

Nimefunua kawa. Pilau iko vilevile, bado inatoa moshi.